Lita Mia Sita

1

Mita ilikuwa ndogo, haikuzidi kidole gumba. Sikudhani Mlacha aliifunga nyuma ya koki ya hewa ya Mtaa wa Tano, akaikaza kwa spana, na muda wote huo mwenye koki alisimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Hicho kidudu kinafanya nini?" Bi. Mashavu aliuliza.

"Kinahesabu hewa inayopita, mama."

"Na mimi miaka ishirini na sita hapa nahesabu nini? Mende?"

Foleni ikaangua kicheko. Ilikuwa foleni ya kila asubuhi: watu arobaini na wanane ndani ya njia iliyochongwa kwenye mwamba mwekundu, kila mmoja na mtungi wake mtupu begani. Hewa iliyoelea njiani humo ilitosha kusimamia na kutaniana. Hewa ya kuishi, ya kufanyia kazi na kulala, ilitoka kwenye koki.

"Mwache, Bi. Mashavu," mtu wa nyuma alidakia. "Serikali imempa spana, sasa lazima apate cha kukaza."

"Akaze, lakini asinikabe koo. Haya, wa kwanza!"

Mtungi wa kwanza ukapachikwa. Bi. Mashavu akafungua koki, akaanza kuimba, polepole, bila kumtazama mtu:

*Ewe hewa ya jabali, shuka upesi chomboni,*
*Umetoka njia mbali, barafuni ardhini,*
*Usibague ahali, mgeni wala jirani,*
*Tukupime kwa adili, ukajae kifuani.*

Silabi ya mwisho ilipotua, mkono ukafunga koki. Hiyo ndiyo ilikuwa pishi moja ya hewa, haki ya mtu mmoja kwa siku moja, na ndivyo nchi nzima ya Ngeu ilivyopima.

Haikuanza hivyo. Waanzilishi walitua kwenye sayari nyekundu wakiwa na saa, mita na kompyuta za kila namna. Kisha ukaja Mwaka wa Vumbi. Vumbi lilikula saa, likala mita, likala kompyuta, na Dunia, iliyokuwa na shughuli zake, ikakaa miaka miwili bila kuleta chombo. Kilichobaki ni pishi ya mti ambayo bibi mmoja alikuja nayo kwa ukumbusho tu, mikono ya watu, na wimbo. Kwa hiyo nafaka ikapimwa kwa pishi na kibaba, nguo kwa shibiri, uzito kwa ratili, hewa kwa ubeti. Watu wakapona. Walipopona, kile walichoponea kikawa sheria, na miaka sabini baadaye kikawa fahari.

Sasa Wangeu elfu saba walikuwa na siku arobaini za kuamua kwa kura kama wataiacha fahari hiyo. Chombo kutoka Duniani kilikuwa njiani na pampu mpya, zenye nguvu mara mbili ya zile kuukuu, na pampu hizo zilijua lita na kilo. Hazikujua ubeti. Nchi ikikubali mfumo wa metriki, zitafungwa siku tisini baada ya mitaa kuanza kupima kwa lita. Ikikataa, chombo kitashusha unga na kuondoka nazo.

Sikudhani, katibu wa Tume ya Vipimo, alikwisha kuamua zamani. Miaka mitatu nyuma kaka yake, Pazi, alilazwa na homa. Kisanduku cha dawa kilisema miligramu. Mizani ya zahanati ilisema punje. Muuguzi, mtu mwema, akageuza kwa kichwa, nukta ikamponyoka. Pazi akazikwa Alhamisi. Tangu hapo, Sikudhani alipomsikia mtu akiisifu pishi ya mababu, alitoka nje akamwacha aisifu peke yake.

Aliifuta spana kwa kitambaa, akamshukuru Bi. Mashavu, akaenda kufunga mita ya Mtaa wa Sita.

2

Siku ya thelathini namba zikakamilika. Gaspari Kasembe, fundi aliyeletwa na chombo kilichopita, na ambaye mpaka siku hiyo alikuwa bado anajigonga kichwa kwenye milango mifupi ya Ngeu, alizimwaga zote kwenye ukuta wa karakana.

"Dada, watu wenu ni majini," alisema kwa furaha. "Mtaa wa Kwanza, lita mia sita na moja kwa kila ubeti. Wa Pili, mia tano tisini na nane. Wa Tatu, mia sita kavu. Kwa kuimba! Mimi nikiimba, majirani wanahama."

"Basi andika mia sita. Pishi moja ya hewa ni lita mia sita. Kazi imekwisha."

"Ngoja kwanza. Mtazame huyu wa Tano."

Ukiutazama kwa jumla, Mtaa wa Tano ulikuwa mwema kuliko yote: mia sita kamili. Lakini Gaspari aliufungua mtungi kwa mtungi. Mitungi thelathini na mitatu ilipata mia sita. Mitungi kumi na miwili ilipata mia tano themanini, kila siku ya Mungu. Mitatu iliyobaki ilipata mia sita tisini, mia sita themanini, na mia sita sabini.

"Kumi na miwili mara ishirini ni mia mbili arobaini," Gaspari alisema. "Tisini na themanini na sabini ni mia mbili arobaini. Anaipunguza huku, anaijaza kule, na mwisho wa siku hakuna kilichopotea. Mashine yangu yenyewe haina mkono kama huo. Ni nani huyu?"

Sikudhani alisogea karibu na ukuta. Kila mtungi ulikuwa na namba yake, na namba za mtaa wake alizijua. Mtungi wa nne ulikuwa wake: mia tano themanini. Alifikiria kichwa kilichokuwa kikimuuma kila jioni, ambacho yeye alikuwa akiyasingizia macho. Mtungi wa thelathini na moja, wenye mia sita tisini, ulikuwa wa mama yake.

Watu walimwita Mama Pazi, na kifo cha Pazi hakikubadilisha jina. Mama Pazi alikata barafu mgodini miaka ishirini, akatoka na mapafu yanayolia kama bawaba. Mwaka ule ule aliomzika mwanawe, Daktari Nyambo alimpa miezi sita. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na bado alikuwa akipika, akigombana, akicheka kwa sauti inayosikika mtaa wa pili. Watu walisema ni dua. Ilikuwa lita tisini.

"Mbona umenyamaza?" Gaspari aliuliza.

"Thelathini na moja ni mama yangu."

Gaspari alikaa kwenye sanduku la vyuma.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Ripoti inataka namba moja. Mia sita ni kweli, hukusema uongo. Lakini tukiweka mashine, kila mtungi utapata mia sita, na hawa watatu…" Hakumaliza. "Mimi naweza kuandika mistari mitatu ndani ya mashine. Mitatu tu. Hawa waongezewe, hawa wapunguziwe, kama ilivyo leo. Kioo kitaonyesha mia sita kwa wote. Mpaka pampu mpya zifungwe, siku tisini, kisha naifuta. Nani atajua?"

"Mashine iwadanganye watu."

"Mashine iimbe, dada," Gaspari alisema. "Kama anavyoimba yeye."

Sikudhani alitazama ukuta. Alikuwa ameitetea namba mbele ya mabaraza manane, kwenye mitaa iliyomzomea, kwa hoja moja: namba haina upendeleo, haina shangazi, haina mgomvi. Sasa alipewa nafasi ya kuipa namba shangazi mmoja, na shangazi huyo ni mama yake mzazi.

"Usiandike chochote mpaka nirudi," alisema.

3

Bi. Mashavu alikuwa kibarazani kwake akichambua mchicha. Alimwona Sikudhani akija, akasogeza ungo pembeni kumpa nafasi ya kukaa.

"Umeona," alisema, kabla ya salamu.

"Shikamoo, mama. Nimeona."

"Marahaba. Kidudu chako hakina adabu. Nilijua siku ile ile." Alivunja shina la mchicha. "Haya, sema. Umekuja na askari?"

"Nimekuja peke yangu. Ni nani aliyekupa ruhusa?"

"Na ni nani aliyenikataza? Wewe umezaliwa hapa, hujaona mtu akipima mahindi? Mnunuzi anapimiwa mfuto: unapitisha kiganja juu ya kibaba, mahindi yanakuwa sawa na ukingo. Mgonjwa, mfiwa, mgeni aliyetoka mbali, hao wanapimiwa tele, kibaba kinaota kilima. Hakuna aliyeandika, na hakuna asiyejua. Hewa haioti kilima, mwanangu. Mimi nimeiotesha kwa koo. Mwenye shida namvutia silabi ya mwisho. Mwenye kifua kizima namfupishia kidogo kila kituo cha wimbo. Aliyenifundisha koki alifundishwa hivyo."

"Kibaba cha tele kinatoka kwenye gunia la mwenye kupima. Hii hewa ilikuwa ya watu."

"Umetazama mtungi wa kwanza?"

Sikudhani alikuwa ameutazama. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa Bi. Mashavu mwenyewe, na ulipata mia tano themanini.

"Ungewaomba wale wengine," alisema.

"Niwaombe!" Bi. Mashavu alicheka bila furaha. "Muombe mtu pumzi yake uone. Akikupa, kila siku ataitafuta kifuani mwa mwenzake. Akimsikia anacheka, atasema, mtazame anavyonichekea kwa hewa yangu. Mama yako angepita wapi? Angegombana na nani, naye anadaiwa kila anapofungua mdomo? Mimi nimempa hewa, nikamwachia na uso wake."

Sikudhani alikuja na hoja nyingi, na hiyo haikuwemo. Kwa hiyo alitoa ile moja aliyokuwa hataki kuitoa.

"Mtungi wa kumi na tisa," alisema. "Nyamizi, mke wa Dihenga. Mia tano themanini."

"Kifua cha ngoma yule. Anapanda ngazi za mgodini huku anapiga soga."

"Mwaka jana alikuwa na mimba. Wiki tisa. Ikatoka."

Mikono ya Bi. Mashavu ilisimama. Wangeu walikuja na mambo machache kutoka kwa bibi zao, na moja lilikuwa hili: mimba haitajwi mpaka ijitaje yenyewe. Mwanamke akiulizwa anasema ameshiba. Hata mumewe anasema ameshiba. Jicho baya, walisema, linasafiri hata kwenye sayari isiyo na hewa ya kupumua. Sikudhani alijua kwa sababu alimkuta Nyamizi kwenye chumba cha kufulia, akifua shuka moja kwa saa nzima.

"Hakusema," Bi. Mashavu alinong'ona.

"Ni nani anayesema?"

"Nilimwona uso umesinyaa. Nikadhani kagombana na mumewe." Alishika ungo kana kwamba utaanguka, na ungo ulikuwa chini. "Ni zile ishirini zilizofanya?"

"Sijui, mama. Daktari hajui. Hata mita haijui. Mimba hutoka hata kwa wenye hewa tele."

"Lakini yawezekana."

"Yawezekana."

Walikaa. Mtu alipita na toroli la barafu, akawasalimu, hakuna aliyemwitikia, akaenda akiwasimulia wengine kwamba mwanamke wa spana na mwanamke wa koki wamegombana.

"Usiniambie kwamba mashine yako ingejua," Bi. Mashavu alisema mwishowe.

"Isingejua. Lakini isingempunguzia."

"Na mama yako ingemwongezea?"

Sikudhani aliinuka. Aliona mara moja kwamba swali hilo ndilo lililomleta.

4

Baraza lilikaa saa nne asubuhi, siku moja kabla ya kura, katika pango kubwa walimohifadhi unga. Sikudhani alikusudia kumwambia mama yake kwanza. Alimkuta akisonga ugali, akakaa, akala, akasifu mboga, akaondoka. Ulikuwa woga, na alijua ni woga, na aliondoka nao.

Mwenyekiti Wambura alimpa nafasi. "Katibu, tupe namba yetu."

"Pishi moja ya hewa ni lita mia sita," Sikudhani alisema. Makofi yakapigwa, ya wenye kupenda na ya wenye kutaka yaishe. Hapo angeweza kukaa. Gaspari, aliyesimama mlangoni ameinama kwa sababu ya kimo chake, alimtazama kwa matumaini kwamba atakaa.

"Kuna zaidi," akasema.

Akasoma Mtaa wa Tano wote, mtungi kwa mtungi. Hakutaja majina, lakini kila mtu anaijua namba ya mtungi wake kuliko siku aliyozaliwa. Alipofika kumi na tisa, alimwona Nyamizi Dihenga akisimama, akijifunga kanga vizuri, akitoka nje bila haraka. Alipofika thelathini na moja hakuinua macho.

Pango likachafuka. Kugusa pumzi ya mtu lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika sheria za Ngeu, kubwa kuliko kupiga, karibu na kuua.

"Miaka yote naamka kichwa kinauma!" alipiga kelele kijana mmoja mkata barafu, kifua kama kabati. "Nikadhani nazeeka!"

"Umezeeka, Kirumbi, hiyo haihusiani!"

"Ni nani mpimaji?" Wambura aligonga meza. "Ni nani?"

"Si mnanijua?" Bi. Mashavu alisema kutoka safu ya pili, akasimama. "Ni mimi. Na hao waliopunguziwa, wamo wanaostahili kuniomba hesabu, na yupo mmoja ambaye sina cha kumlipa." Akakaa.

Kisha Mama Pazi akasimama. Ilimchukua muda kusimama, na pango likamsubiri.

"Thelathini na moja ni mimi," alisema. "Lita tisini. Sikuziomba, sikuzijua, nimezimaliza." Alivuta pumzi, na sasa kila mtu alisikiliza ikivutwa. "Mambo ya mpimaji mtayazungumza wenyewe. Mimi nataka kujua hili. Kwa huo mfumo wenu, mtu akitaka kumpa mwenzake, anampaje?"

Alikuwa akimwuliza katibu wa Tume, na katibu wa Tume alimjibu kama katibu.

"Kwa kusema. Atasimama mbele ya koki, ataitaja namba mwenyewe, na itasomwa kwa sauti. Bila kibali cha daktari hakuna kutoa. Na hakuna atakayeruhusiwa kushuka chini ya mia tano themanini."

"Na mpokeaji atasikia?"

"Atasikia, mama."

"Na jirani yake?"

"Na jirani yake."

Mama Pazi alimtazama binti yake kwa muda, jinsi anavyotazama chungu kutathmini kama kimeiva. "Mtanishukurisha kila asubuhi," alisema. "Na mimi mnajua nilivyo mvivu." Watu walicheka, wengine kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu hawakujua la kufanya na nyuso zao.

Kesho yake nchi ilipiga kura. Walioshikilia pishi walisema: hayo ndiyo mlitaka, mji ambamo mtu hawezi kutendewa wema bila karani. Waliotaka lita walisema: hayo ndiyo mlikuwa nayo, mji ambamo pumzi yako inaamuliwa na sura yako foleni. Wote walikuwa na haki, na wote walijua. Metriki ilishinda kwa kura mia nne na kumi na moja. Bi. Mashavu aliondolewa koki. Juu ya adhabu zaidi baraza halikukubaliana, likaahirisha, na kila lilipokutana likaahirisha tena.

5

Asubuhi ya kwanza ya lita, watu wa Mtaa wa Tano walikuja foleni wamevaa vizuri, kama wanaokwenda kwenye harusi ya mtu wasiyempenda. Mashine ilikuwa kisanduku cha kijivu chenye kioo. Ilijaza mtungi bila sauti. Ule ukimya uliwakera wengi kuliko namba.

Daktari Nyambo alikuwa amewapima mapafu wote arobaini na wanane, akatoa vibali kwa wale tu wanaoweza kupungukiwa lita ishirini bila madhara. Walikuwa kumi na wawili. Walikuwa wale wale. Daktari aliirudia kazi yote mara ya pili, kisha akaitia saini bila maelezo.

Watoaji walitangulia. Sikudhani alikaa kwenye mashine, kwa sababu sheria aliiandika yeye na hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuitumia. Alianza na wake mwenyewe: ishirini. Bi. Mashavu alipachika mtungi wake, akasema, "Ishirini," akauchukua, akaondoka akitazama mbele.

"Kumi," alisema Kirumbi. Akageuka, akaona nani yuko nyuma yake. "Haya, weka ishirini. Mke wangu ananitazama."

"Sikukutazama, nilikuwa napepesa!"

"Ndivyo unavyotazama."

Hapo foleni ikalegea kidogo. Mmoja mmoja wakasema ishirini, wengine kwa kununa, mmoja kwa hotuba ndefu aliyoiandaa nyumbani. Watu kumi na mmoja walipokwisha, zilikuwa mia mbili na ishirini. Wagonjwa wale wawili wakapata themanini na sabini zao. Kwa Mama Pazi zikabaki sabini.

Kwa sabini, daktari alikuwa amesema, atazifikia pampu mpya kwa taabu. Kwa tisini atazifikia.

Wa kumi na mbili alikuwa Nyamizi. Alikuja mwisho, akapachika mtungi.

"Kiasi gani?" Sikudhani aliuliza.

"Sifuri."

Minong'ono ikapanda. "Mtu mzima kama wewe," alisema mwanamke mmoja, si kwa sauti ya chini, "na mwenzio anakoroma pale kwa kukosa hewa!"

"Nina mimba," Nyamizi alisema. "Wiki saba."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likisemwa hivyo, hadharani, na mwenye nalo, tumbo likiwa bado bapa. Mwanamke yule aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee mmoja akatazama pembeni kama aliyemfumania mtu akioga.

"Ya kwanza niliificha, mnajua yaliyonikuta. Hii naitangaza. Mwenye jicho baya anitazame sasa hivi, nimesimama hapa, asinivizie." Akamgeukia daktari. "Sitoi. Tena nahitaji. Daktari, waambie."

Daktari Nyambo, ambaye alikuwa amepima mapafu na hakuuliza lolote jingine, alikohoa. "Ishirini. Angalau."

Sikudhani alitazama kioo. Kumi na mmoja walikuwa wamegota kwenye mia tano themanini, ukomo alioupendekeza yeye, akautetea yeye, ukapitishwa kwa sababu ya hoja zake. Yeye mwenyewe alikuwa amegota. Wengine wote daktari alikuwa amewakataza. Alizipitia namba mara mbili, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua ni mtupu.

"Kwangu zipo ngapi?" Mama Pazi aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtungi mapajani.

"Mia sita sabini, mama."

"Toa ishirini, mpe."

"Mama, hizo zenyewe hazitoshi."

"Sikukuuliza kama zinatosha. Sheria yako inanikataza?"

"Inataka kibali cha daktari."

Wote wakamgeukia daktari. "Mama Pazi," alisema, "kwa mia sita hamsini siwezi kukuahidi siku tisini."

"Sikutaka ahadi, nataka saini. Ahadi zako nazijua."

"Mimi sikukuomba wewe," Nyamizi alisema. Alikuwa analia sasa, kwa hasira, mtungi amekumbatia. "Mtu mwingine yeyote, lakini si wewe."

"Najua hukuniomba. Miaka mitatu mimi nimepumua ya kwako, nami sikukuomba. Sasa angalau tunaonana." Aligeuka kwa daktari. "Kalamu unayo, au nikuazime?"

Daktari aliweka karatasi juu ya goti. Akatia saini.

Mashine ilitaka mambo matatu: jina la mtoaji, jina la mpokeaji, kiasi. Sikudhani akaandika la kwanza. Gaspari, aliyekuwa kando akishughulikia nyaya ambazo hazikuwa na tatizo, aliinama karibu naye. "Ile mistari mitatu," alinong'ona, "bado ninayo." Sikudhani hakugeuka. Angeweza kusema ndiyo, na mama yake angepata tisini, na Nyamizi ishirini, na zingetoka kwa watu ambao muda si mrefu walisimama hapo hapo wakatoa walichoweza kwa hiari yao, wakaenda zao kazini wakiamini kioo.

"Ifute," alisema.

Akaandika la pili. Akaandika ishirini. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

"Soma," mama yake alisema. "Si umesema inasomwa?"

"Mtungi wa thelathini na moja, Mama Pazi, anatoa lita ishirini," Sikudhani alisoma. "Mtungi wa kumi na tisa, Nyamizi Dihenga, anapokea lita ishirini." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndivyo alivyokusudia. Akabonyeza.

Mitungi miwili ikapachikwa, ikajaa, mmoja baada ya mwingine. Nyamizi aliuchukua wake, akasimama mbele ya Mama Pazi.

"Kesho uje na kigoda," Mama Pazi alimwambia. "Mwenye mimba hasimami foleni. Na nyinyi mnaomkodolea macho, mlizaliwa na kitunguu?"

Akainuka, akakataa mkono wa binti yake, akatia mtungi begani, akaanza kwenda. Kwenye kona akasimama. Akashika ukuta, akainamisha kichwa, akavuta pumzi moja, kisha nyingine, na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni alimwona, na kila mtu alijua ni kwa nini.